Mchuzi wa vitu vya baharini usiolala tumboni

Anayekwambia mchuzi wa nazi ukiwa mzito tumboni uongeze maji hajapiga hesabu ya sufuria. Nazi moja ina mafuta yake. Uitie vikombe viwili au sita, mafuta ni yale yale, na sufuria ikiisha mmeyala yote. Nimepika hivyo mara tatu kabla sijakubali kwamba ushauri ule ni wa bure: mchuzi ulitoka wa majimaji, mafuta yakielea juu vile vile, na watu wakainuka mkekani wameshika matumbo vile vile.

Uzito huo unatokana na tui unalotia. Nazi moja kavu, iliyokunwa, naikamua mara mbili. Mara ya kwanza natia nusu kikombe tu cha maji ya uvuguvugu. Linatoka kasimile, tui la kwanza zito, na mafuta mengi ya nazi yanakuwa yamo humo. Naliweka kando. Mara ya pili natia vikombe vitatu vya maji ya moto kiasi cha mkono kuvumilia, naiponda chicha kwa kiganja dakika mbili, nakamua kwa kifumbu, kile kichujio cha kusuka. Hili la pili ndilo linalopika mchuzi. Kasimile natumia vijiko vitatu vya kulia, mwisho kabisa, kwa ajili ya harufu. Linalobaki ni la mchicha wa kesho, au la kupaka samaki. Ukianza kukamua kwa maji mengi umeshaharibu: linatoka lote pamoja, na hapo huna la kwanza wala la pili.

Wa blenda nao wana njia. Tui la blenda hutoka zito kwa sababu nazi imesagika yote, kwa hiyo lichuje, lilaze kwenye friji usiku mmoja, asubuhi utakuta utando mgumu umejitenga juu. Uondoe kwa kijiko. Tui la boksi mara nyingi hutiwa vitu vya kulishikanisha, halijitengi hivyo. Hilo tia kidogo tu, robo kikombe kwa sufuria nzima, kazi nyengine ifanywe na supu.

Sasa, tui la pili peke yake linapwaya. Hapo ndipo washauri wanapokuja na unga. Kijiko kimoja na nusu cha unga wa ngano, nikaambiwa, ukoroge kwenye maji baridi umimine, mchuzi utashikana wenyewe. Nikamimina. Ulishikana kweli. Lakini hebu fikiri: unga wa ngano, manjano, ukwaju, maji. Huo ni urojo, ile supu ya njano ya Unguja! Kilichokosekana ni bajia, kachori na mbatata, la sivyo ningekitoa barazani nikauza kwa bakuli. Kamba walitoka mle wamevaa makoti ya njano. Na ubaya hauko kwenye sura tu. Unga unataka kuchemka kama dakika kumi ili ladha ya ubichi iondoke, kamba anataka dakika tatu. Basi uchague: ule unga mbichi au kamba mgumu. Halafu ukipoa unaganda, ukiupasha unashika chini.

Aliyesema nitumie maziwa ya ng'ombe sina haja ya kumjibu kwa kirefu. Ukwaju ulipoyagusa yalikatika mabongemabonge papo hapo.

Uzito mzuri usio wa mafuta uko kwenye vitu tunavyotupa. Kwa watu sita nanunua kamba nusu kilo wenye vichwa vyao, ngisi robo kilo, pweza nusu kilo, na nusu kilo ya samaki mwenye nyama ya kushikana. Kolekole au changu mkubwa wanafaa, tasi anavunjika. Vichwa na maganda ya kamba ndio siri yote. Muuzaji akikwambia "nikukatie vichwa, dada?" mwambie aviache.

Vichwa navioshea maji mara moja tu, nang'oa macho, kisha navikaanga kwenye sufuria kavu kwa kijiko kimoja cha mafuta, moto wa wastani, mpaka vigeuke rangi ya chungwa iliyokolea na harufu itoke ile ya kamba wa kuchoma. Ni dakika nne, tano. Hapo navitia kinuni navitwanga kiasi, visiwe unga, ili ule uji mwekundu wa kichwani utoke. Vinarudi kwenye sufuria na vikombe vitatu vya maji, vinachemka polepole robo saa, si zaidi ya dakika ishirini, kwani vikikaa sana supu inaanza uchungu. Nachuja mara mbili, mara ya pili kwa kitambaa, maana kipande cha ganda kwenye koo si mchezo. Inabaki supu kama vikombe viwili, nyekundu, tamu, na mafuta yake ni kijiko kile kimoja.

Kinachoshikanisha ni kitunguu. Vitunguu maji viwili vikubwa navikata vyembamba, navipika kwa kijiko kimoja cha mafuta, vikianza kukauka naongeza supu kijiko kijiko badala ya mafuta. Dakika kumi na tano hivi, mpaka viwe laini kabisa. Humo thomu (kitunguu saumu) punje tano na tangawizi ya urefu wa kidole gumba, vilivyotwangwa pamoja. Bizari nyembamba kijiko kimoja cha chai, manjano nusu kijiko. Kisha tungule (nyanya) nne zilizomenywa, zipikwe mpaka maji yake yakauke. Mchanganyiko huu nausaga wote, narudisha. Ukiona bado mwepesi, ponda kipande cha mbatata ya kuchemsha ukubwa wa yai, usizidishe.

Pweza anataka mlango wake. Nusu kilo akiiva hubaki kama robo, msilalamike kwamba muuzaji kaiba. Nampindua kichwa, natoa matumbo na wino, nakata macho, na mdomo ule mgumu wa katikati ya mikono nausukuma kwa kidole unatoka. Namsugua kwa chumvi ya mawe mpaka ute uishe, namsuuza vizuri. Asipokuwa amepigwa kwa jiwe pwani, anaingia friza usiku mmoja. Barafu inavunja nyuzi zake kama jiwe linavyovunja, na majirani wanalala. Anaingia sufuriani peke yake, bila maji na bila chumvi, kifuniko juu, moto mdogo. Atatoa maji yake mwenyewe, ya rangi ya zambarau. Dakika arubaini na tano, wakati mwengine saa nzima, mpaka ncha ya kisu iingie pale mkono unapoungana na kichwa bila kusukuma. Yale maji usiyamwage, nusu kikombe kinaingia mchuzini. Yana chumvi ya bahari ndani yake, ndiyo maana mimi chumvi naonja mwisho tu. Waliotia mwanzoni wanajua walivyokula.

Kuunganisha ni haraka. Supu ya vichwa, maji ya pweza na tui la pili vinaingia kwenye kitunguu, na pilipili mbuzi moja nzima, isitoboke. Usiuache utibuke. Tui linakatika kwa sababu moto mkali unagandisha protini iliyoshika mafuta yake, na hapo mafuta yanajitenga. Tui la pili lina mafuta machache kwa hiyo halikatiki vibaya kama kasimile, ila mimi bado nachota kwa upawa na kumimina, nachota na kumimina, mpaka mvuke utoke vizuri na pembeni paanze kutetemeka. Dakika kumi hivyo.

Samaki anatangulia, vipande vya unene wa vidole viwili, dakika sita. Pweza anafuata, huyo ameshaiva anataka kupata moto tu. Ngisi na kamba wanaingia mwisho, pamoja, dakika mbili hadi tatu. Ngisi ana nyakati mbili tu za kuliwa: dakika mbili, au zaidi ya nusu saa. Baina ya hapo ni raba ya ndara. Kamba mtazame mgongo: akijikunja nusu duara ameiva, mkia ukigusa shingo umechelewa.

Nazima moto, ndipo natia kasimile vijiko vitatu na ukwaju, tonge dogo la ukubwa wa ndimu lililorowekwa kwenye robo kikombe na kuchujwa. Ukali ukitiwa tui likiwa linachemka unasaidia kulikata, na watu wanalaumu nazi. Mbilimbi ni nzuri zaidi kuliko ukwaju kwa mchuzi huu, sita zilizopasuliwa, ila hizo ziingie na samaki ili zilainike. Kotmiri juu.

Gharama siwezi kusema kwa senti. Wakati wa kusi bahari ikichafuka kila kitu hupanda. Pweza mtafute siku za bamvua, maji yakikupwa sana na wanaochokoa miambani wakirudi na wengi. Kamba ndio wanaouma mfuko. Siku wakiwa ghali nanunua robo kilo tu na kuomba vichwa vya mwenzangu wa pembeni anayekatiwa, mara nyingi hutolewa bure.

Usiule kwa wali wa nazi, utakuwa umerudisha mlangoni ulichotoa dirishani. Wali mweupe, au boflo la kuchovea. Ramadhani ndipo unapofaa zaidi, futari yote ikiwa na nazi: muhogo wa nazi, ndizi za nazi, kunde za nazi, halafu mchuzi nao!

Ukibaki, toa kamba na ngisi uwaweke chombo chao kabla hujaingiza vyote friji. Kesho pasha mchuzi na pweza peke yao mpaka uvukize bila kuchemka, warudishe wale wawili, funika dakika mbili moto ukiwa umezimwa. Pweza siku ya pili ni mtamu kuliko ya kwanza.