Siku moja maishani mwangu: kutwa nzima na mfupa wa taya

Saa 11:15 alfajiri
Nimeamka kabla ya adhana. Leo tuna sinasi, yaani kuongeza mfupa wa taya ya juu chini ya uwazi ulio pembeni mwa pua, na siku ya sinasi sizidishi kikombe kimoja cha chai, maana nikishavaa gauni na glavu sitoki mpaka uzi wa mwisho ufungwe. Mimi ni msaidizi wa daktari wa upasuaji wa kinywa, Dar es Salaam, mwaka wa nane huu. Daladala ya Mbagala imejaa kama kawaida. Nimesimama njia nzima, mkoba kifuani.

Saa 1:30 asubuhi
Natoa vyombo kwenye otoklevu, mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke, nahesabu. Mgonjwa wa kwanza ameshafika na binti yake, mama wa makamo anayeuza vitenge Kariakoo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hivi kweli mtaniwekea mfupa wa maiti?"

Swali hilo silicheki tena, kwa sababu si la kijinga. Mfupa wa binadamu aliyefariki upo kweli, hukaushwa na kusafishwa, na nchi nyingine wanautumia sana. Wetu leo ni wa ng'ombe, umetolewa nyama na mafuta yote yakabaki madini matupu. Mama akashusha pumzi. Ng'ombe anamfahamu.

Meno yake ya nyuma, juu kulia, yaling'olewa miaka 6 iliyopita. Aliyeyang'oa alimpa pamba ang'ate na dawa za maumivu, basi. Hakumwambia kwamba pengo likikaa wazi mfupa hunywea: ndani ya mwaka mmoja upana wa taya pale unaweza kupungua kwa karibu nusu, na sehemu kubwa hupotea miezi 3 ya mwanzo. Juu nyuma kuna balaa la ziada, kwani ule uwazi wa sinasi ulio pembeni mwa pua nao hushuka. Skani yake inaonyesha mfupa wa milimita 3. Kipandikizi kinachotakiwa, yaani skrubu ya kushikilia jino bandia, kina urefu wa milimita 10. Huwezi kuchimbia nguzo kwenye udongo wa kina cha kiganja.

Saa 2:40
Namtoa damu mirija minne na kuiwahisha kwenye mashine ya kuzungusha kabla haijaganda: mizunguko 2,700 kwa dakika, kwa dakika 12. Mirija haina dawa ya kuzuia damu kuganda, kwa hiyo ukizubaa umeharibu. Ikitoka, katikati kuna donge la manjano linaloteleza kama jeli. Nalibana taratibu mpaka liwe utando mwembamba.

Saa 3:10
Ganzi imeshika. Dokta anapasua ufizi, anauinua, mfupa unaonekana mweupe. Anachora dirisha dogo la mviringo kwa mashine ya piezo, ambayo hukata kwa mtetemo. Mfupa unakatika, nyama laini haidhuriki kirahisi. Nyuma ya dirisha kuna utando wa sinasi. Umewahi kumenya yai la kuchemsha ukakuta ile ngozi nyembamba iliyoshikamana na ganda? Ndivyo ulivyo, ila huu una rangi ya kijivu na unacheza mgonjwa anapopumua. Kazi yote ya asubuhi ni kuubandua bila kuutoboa.

Umetoboka. Tundu dogo, kama kichwa cha pini. Dokta hakusema kitu, akanyoosha mkono tu, nami nikampa utando wa damu yake mama. Akauweka, akasubiri, akaendelea upande mwingine. Tundu la hivyo ni jambo la kawaida katika upasuaji huu. Lingekuwa kubwa tungeshona na kurudi baada ya miezi, na mimi ndiye ningemweleza binti.

Chembe za mfupa zinafanana na chumvi ya mawe iliyopondwa. Nikizichanganya na damu zinashikana kama mchanga wa pwani uliolowa. Zinaingia kidogo kidogo, bila kushindilia. Mishipa ya damu inahitaji nafasi ya kupita.

Saa 5
Nyuzi zimeisha. Masharti: asipenge kamasi wiki mbili, asinywe kwa mrija, chafya ikija aachie mdomo wazi. Kipandikizi baada ya miezi 6 au zaidi. "Miezi sita!" anasema binti. Ndiyo. Hapo hakuna njia ya mkato.

Saa 7 mchana
Wali maharage, nimesimama.

Saa 8
Mzee mmoja kutoka Zanzibar, taya ya mbele imebaki nyembamba kama makali ya kisu. Amekuja na maswali yake kwenye karatasi. La kwanza: kuna nguruwe? Dokta hamfichi, utando wa kolajeni (protini ya ngozini na mifupani) unaofunika chembe mara nyingi hutokana na nguruwe, ingawa upo wa ng'ombe pia. La pili: huyo ng'ombe alichinjwa vipi? Hapo tukanyamaza sote. Wakakubaliana mfupa wake mwenyewe, utakaokwanguliwa nyuma ya taya ya chini, karibu na jino la mwisho. Chombo tunachokitumia kinafanya kazi kama mbuzi, na kinachotoka ni kama nazi iliyokunwa. Kwangu mimi huo ndio mfupa bora kuliko yote, una seli hai. Ubaya wake, unafungua majeraha mawili.

Saa 9:30
Kijana wa bodaboda, jino limepasuka hadi mzizini, linang'olewa. Dokta anamshauri shimo lijazwe mfupa leo hii. Anauliza bei, anatikisa kichwa. Simlaumu, hata mimi ningetikisa.

Saa 10:15
Aliyepandikizwa mfupa miezi 7 iliyopita anawekewa kipandikizi. Mimi namwagia maji baridi ya chumvi bila kukoma, kwani mfupa ukifika nyuzijoto 47 kwa dakika moja tu unaanza kufa. Drili inaingia kwa ukinzani. Dokta ananiangalia juu ya barakoa: "Mgumu." Siku kama hii, neno hilo linanitosha.

Saa 2 usiku
Nampigia mama wa vitenge.

"Uso umevimba, mwanangu. Na chafya nimepiga."

"Mdomo wazi?"

"Wazi mpaka paka kakimbia."