Mtu anayengoja mwenzake

Siku ya tisa leo tangu nirudi kutoka Mlima Kenya na bado namjibu yule kijana. Namjibu nikichota maji, namjibu nikisahihisha madaftari. Jana nimemjibu kwa sauti ndani ya tuktuk, hata dereva akageuka.

Ilikuwa siku ya pili, tumetoka kambi ya Old Moses, mita 3,300, twaelekea bonde la Mackinder. Kimya kile sisi wa Malindi hatukijui. Hakuna adhana, hakuna bodaboda, na upepo ukitulia wasikia mapigo ya moyo wako masikioni. Walimu wenzangu walikuwa mbele, vidoa vya rangi tu. Mimi nimesimama namtazama pimbi juu ya jiwe. Mnene, amejikunyata, anaota jua wala hana habari nami. Mwongozaji wetu, kijana wa Nanyuki, akarudi kunifuata. Akasema kwa upole kabisa:

"Mama, wewe unatembea kama mtu anayengoja mwenzake."

Nikamwambia, "Namwangalia pimbi."

Miaka kumi na miwili nafundisha Kiswahili, na hilo ndilo jibu nililokuwa nalo! Ningetaja pumzi. Ningemwambia mtu aliyezaliwa usawa wa bahari hapandi mita elfu tatu na ushei kama mbuzi. Ningemkumbusha kwamba ni yeye aliyetueleza jana yake kuwa pimbi ni jamaa ya tembo, na jamaa ya tembo hapitwi bila salamu. Hilo la mwisho nimelipata juzi. Limechelewa.

Kilele cha Lenana sikufika. Wenzangu walifika, mita 4,985, picha mmeziona. Mimi nilibaki kambini Shipton's, kichwa chanigonga. Jumatatu Zuhura kajifungua, mtoto wa kike, wote wazima alhamdulillahi, na mitihani ya muhula imeanza.

Alhamisi nikamsimulia Mama, yuko juu ya mbuzi anakuna nazi. Nilitaka anitetee. Hakuinua hata kichwa.

"Kwani hukuwa ukimngoja?"

Mnaonisoma siku nyingi mwajua habari ya Muscat, siirudii.

Nilitaka kukasirika, nikajikuta nacheka. Maana kweli, kila nilichokiona kule nilikuwa nakitafutia maneno ya kwenda kumwambia mtu. Lobelia, kwa mfano: jua likizama hukunja majani yake ikajifunga, kama nyumba za mtaani kwetu zikifunga milango magharibi. Ndani mna maji. Juu yakaganda, chini chipukizi likasalimika. Na ile senesio, mti mrefu kuliko mtu, majani yake yakikauka haiyaangushi, huyavaa shinani kama koti, maana usiku ni baridi ya kuua. Basi nikampa Mama maneno yote niliyokuwa nimeyapanga, moja moja, mpaka nazi tatu zikesha.

Akafikiri kidogo. "Huo mti una akili. Wewe ulikwenda na sweta moja."

Tangu hapo kijana wa Nanyuki amepunguza kunijia. Leo mara moja tu, nikianika nguo.

Lakini friji imeanza tena ule mngurumo wake wa usiku. Jumamosi tuna hitima ya Babu, kilo sita za nyama zimo humo, na fundi tangu asubuhi hashiki simu.