Siku moja maishani mwangu: kocha wa tenisi Lubumbashi, mwezi wa Juni

Saa kumi na moja na nusu alfajiri

Juni hapa Lubumbashi, kusini mwa Kongo, ni mwezi wa makoti. Tuko mita kama 1,200 juu ya bahari, na kiangazi kikishaingia unaona pumzi yako mwenyewe ikitoka mdomoni. Nimetoka Katuba na manseba, pikipiki ya abiria, tumekata Kenya, tumekata Kamalondo, zote komini, yaani mitaa, za mji huu huu, dereva amejifunga taulo shingoni. Njiani ananiuliza kama mfukoni mgongoni nina gitaa. Huulizwa hivyo mara nyingi. Huu ni mji wa mpira wa miguu: TP Mazembe walicheza fainali ya Kombe la Dunia la Klabu mwaka 2010, wakafungwa 3–0 na Inter Milan, na hadi leo mtu anaisimulia mechi ile kama vile tulishinda. Raketi ni kitu cha wenye magari.

Saa kumi na mbili

Kabla ya kuwa kocha mimi ni mfagiaji. Uwanja wetu ni wa udongo wa kichuguu, ule ule unaofyatuliwa matofali hapa mjini, ukasagwa, ukachekechwa, ukashindiliwa kwa rola. Kiangazi unataka maji kila siku. Ukiunyima unageuka vumbi, ukiuzidishia watu wanateleza na lawama ni zako. Jana jioni bomba lilikauka, kwa hiyo kijana anayenisaidia ameteka kisimani, na tunamwagilia kwa ndoo tuliyoitoboa vitundu chini. Unaanza karibu na neti unarudi kinyumenyume mpaka kwenye ua, ili usikanyage palipokwisha kulowa. Kisha tunaburuta wavu mzito wa kusawazisha, tunafagia mistari, na mwisho kabisa napima neti. Katikati iwe sentimita 91.4, si zaidi. Nina fimbo niliyoikata kwa kipimo hicho, kwa sababu tunaye mheshimiwa mmoja ambaye kila mpira ukimnasa kwenye neti anadai tumeipandisha usiku.

Saa moja hadi saa tatu

Wateja wa asubuhi. Wakili, daktari, wafanyabiashara wawili wa madini. Wanapiga, wanahema, wanaongea bei ya shaba, wananilipa. Hao ndio wanaowalipia watoto wa alasiri bila kujua, maana mipira yao ikichoka inabaki kwangu. Mmoja wao, kila akimaliza, hunipiga bega: "Papa, utuletee Noah wetu basi!"

Saa nne

Kivulini mwa banda, na mashine ya kufunga nyuzi. Ni ya mkono, yenye fimbo ya chuma na uzito unaoning'inia, haihitaji umeme, na katika mji huu hiyo si sifa ndogo. Raketi ya leo ni ya yule wakili, amekata uzi jana. Raketi moja inakula uzi wa mita kama 12. Unaanza na nyuzi za wima, katikati kwenda pembeni, moja kushoto, moja kulia, ukizivuta upande mmoja tu fremu inapinda. Ndipo unaingiza za ulalo: juu, chini, juu, chini, kama mtu anayesuka mkeka. Kila uzi unauvuta, uzito unashuka taratibu mpaka fimbo ilale sawa, unabana, unaachia. Wakili anataka mkazo wa kilo 25 kwa sababu amesoma kwamba fulani hucheza hivyo. Namfungia 22. Kiwiko chake kina miaka hamsini na kitu, na uzi wa polyesta hauna huruma.

Mikono ikifanya kazi hiyo, kichwa kinabaki na Noah.

Habari ya Yannick Noah, Mfaransa mwenye baba Mkameruni, kila mtu wa tenisi huku kwetu anaijua nusu. Mwaka 1971 Arthur Ashe, Mmarekani mweusi aliyekwisha kushinda US Open mwaka 1968, alipita Yaoundé, Kamerun, akapiga mipira na mtoto wa miaka kumi, akashtuka. Tarehe 5 Juni 1983 mtoto yule, sasa mwanaume wa rasta, alimfunga Mats Wilander 6–2, 7–5, 7–6 akatwaa Roland Garros, mashindano makubwa ya Paris, kwa raketi ya mbao, akikimbilia neti kila alipopata nafasi, jambo ambalo kwenye udongo wengi huliona ni wazimu. Baba yake akaruka uwanjani kumkumbatia. Tangu siku ile mpaka leo hakuna Mfaransa mwingine aliyelichukua kombe lile la wanaume mmoja mmoja.

Watu wakisimulia, wanaanza na Ashe, wanaruka hadi kombe. Katikati pana mji wa Nice. Ashe aliwaambia wakuu wa tenisi wa Ufaransa, na mtoto akapelekwa Nice akiwa na miaka kumi na mmoja, shule na tenisi pamoja, mbali na mama yake. Wala hakuwa mtoto aliyeokotwa barabarani: baba yake, Zacharie, alikuwa mchezaji wa mpira aliyeshinda Kombe la Ufaransa na Sedan mwaka 1961. Nyumba ile ilijua michezo ni kazi. Kwa hiyo bosi wangu wa shaba anaponiambia nilete Noah, moyoni namjibu: Noah ninaye, nitafutie Nice.

Saa saba

Bukari (ugali), tomsoni (samaki), lengalenga (mchicha). Usingizi wa dakika kumi juu ya benchi.

Saa nane

Watoto wanafika kutoka shule, wengine bado na sare. Wadogo nawapa mipira mikubwa ya sponji, kisha ile ya chungwa isiyoruka sana, halafu ya kijani. Mpira wa kawaida unawaruka kichwani na wanajifunza kuuogopa. Raketi hazitoshi, kwa hiyo wawili wanashika moja, anayesubiri anahesabu kwa sauti mipira ya mwenzake. Kuhesabiwa na mwenzio kunatia adabu kuliko kelele zangu.

Ninaye binti wa miaka kumi na tatu. Mama yake anauza makaa sokoni, baba ni fundi wa magari. Alianza kama mwokota mipira, kama mimi nilivyoanza, na siku moja mteja alichelewa, akashika raketi yangu akaanza kupiga ukutani. Pigo lake la mkono wa nyuma hakufundishwa na mtu. Bega linageuka mapema, mpira bado uko mbali, na akigonga unasikia mlio mmoja tu, mfupi.

Kuna wakati niliwaeleza watoto habari za Angella Okutoyi, aliyelelewa na bibi yake, kisha mwaka 2022 akashinda Wimbledon ya vijana, wasichana wawili wawili, pamoja na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Nikasema ni msichana wa Kenya. Binti akaruka: "Wa Kenya? Kenya yetu hii? Avenue gani?" Anakaa komini ya Kenya, nyuma ya soko, na alitaka kwenda kumsalimia siku ile ile. Nilipomweleza ni nchi, alinuna kidogo.

Saa kumi na nusu

Wakili amerudi kujaribu nyuzi zake. Nampanga na binti, seti moja. Anafungwa 6–3, anacheka, ananunua soda, anasema kiwiko hakiumi. (Sijamwambia kuhusu kilo 22.)

Wengine wanapiga makofi, mimi nakaa nahesabu. Binti anawafunga wote hapa. Anajua nani atapiga wapi kabla mwenyewe hajajua: wakili akiinua kiwiko ni krosi, mpira wa mshazari, daktari akikohoa anakuja na dropu, mpira mfupi wa karibu na neti. Hilo limekwisha kuwa mazoea, na mazoea hayamkuzi mchezaji. Anahitaji kufungwa na mtu asiyemjua, tena mara nyingi, na wa umri wake.

Mashindano ya taifa mara nyingi ni Kinshasa, na Kinshasa kwetu ni ndege. Lakini Kasumbalesa, mpakani, tunaifika kwa barabara asubuhi tu, unavuka kuingia Zambia, na mbele iko Kitwe, kisha Ndola, miji ya migodi kama wetu, yenye klabu na viwanja na watoto wanaocheza. Sielewi kwa nini tunatazama kaskazini kila siku wakati njia iko kusini.

Saa mbili usiku

Niko nganda, baa ndogo karibu na nyumbani. Juni saa ya Paris na ya Lubumbashi ni moja, basi mechi ya usiku ya Roland Garros inaanza saa mbili na robo kwao na kwetu. Ya wanaume, kama desturi yao. Ons Jabeur wa Tunisia, Mwafrika wa kwanza kufika fainali ya wanawake mmoja mmoja Wimbledon katika zama hizi za malipo, 2022, amelalamika hadharani na hawajamsikia. Nimemwomba mwenye nganda aniachie angalau seti moja. Geimu ya nne mtu anadai mpira wa miguu, wengine wanamuunga mkono, nami nimebaki na chupa yangu.

Nampigia fundi, baba wa binti. Nimempangia maneno mchana kutwa: vakansi Julai, mashindano ya vijana Ndola, siku tatu, atalala kwa familia ninayoijua, wakili ameahidi nauli ya kwenda.

Kimya. Nasikia nyundo upande wa pili, bado yuko kazini.

"Na ya kurudi?"

"Ya kurudi natafuta, papa."

"Na karatasi za mpaka?"

"Cheti cha kuzaliwa anacho?"

"Kiko kwa mama yake mkubwa, Likasi."

"Basi tuanzie hapo."

"Kuja Siku ya Mungu kisha misa," anasema. "Ulete bei zote kwenye karatasi. Na huyo wakili, aje naye."