Pikapu Yangu na Makoro ya Goma

Niliponunua Hilux yangu ya mwaka 2003, yenye injini ya dizeli ya lita 3 isiyo na turbo, jambo la kwanza nililotaka ni kuiinua, kwa sababu mitaa yetu ya Ndosho isiyo na lami imejaa makoro, yale mawe meusi ya volkano ya Nyiragongo, na jiwe moja lililochomoza latosha kupasua sampu, yaani chombo cha oili kilicho chini ya injini. Fundi aliongeza mabamba mawili kwenye springi za nyuma. Pikapu ilipanda vizuri, lakini bila mzigo ilirukaruka kwenye kila shimo, hata fundi mwenyewe, alipoijaribu hadi Majengo na kurudi, alishuka akicheka: “Mzee, hii si gari tena, ni chukudu,” yaani ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo. Tukaondoa bamba moja. Kilichonifaa zaidi ni ngao ya chuma tuliyoifunga chini ya injini, yenye tundu la kufikia kizibo cha oili, ili isilazimu kufunguliwa kila oili inapobadilishwa.

Matairi nachagua yale magumu ya mizigo, kwa kuwa makoro hukata ubavu wa tairi, na jeraha la ubavuni halizibiki kwa kiraka cha kuaminika.

Vumbi nalo si la kudharauliwa. Lina chembe za kioo cha volkano, ambazo zikipenya hadi kwenye silinda husaga ringi za pistoni na kuta za silinda mpaka injini ianze kula oili. Wakati wa kiangazi nalifungua chujio la hewa kila wiki na kulipuliza kutoka ndani kwenda nje. Anayelipuliza kutoka nje hulizamisha vumbi ndani zaidi.

Hata hivyo, adui aliyenishinda kwa muda mrefu ni kutu. Moshi wa volkano una gesi ya salfa, ambayo ikichanganyika na mvua huwa asidi, na ndiyo maana mabati ya nyumba zetu huoza mapema. Nilifuata desturi ya kupaka oili chafu chini ya gari, nikaja kugundua kwamba oili hiyo hiyo ilikuwa imelainisha bushi za mpira, vile vipande vinavyozuia vyuma kugongana, hadi zikavimba. Sasa nasuuza chesi kwa maji safi baada ya mvua, naiacha ikauke, kisha napaka grisi kwenye maungio ya chuma tu. Kosa jingine lilikuwa karpeti ya mpira niliyoitandika nyuma kwa ajili ya urembo: ilizuia maji chini yake, na nilipoinua kona moja nikakuta sakafu imetoboka. Fundi alichomelea bati jipya na kutoboa matundu manne ya kutolea maji, na karpeti sasa huondolewa kila Jumamosi.

Mwanangu bado anaomba taa za rangi kwenye keria. Nimemwambia zitafuata baada ya bushi za mbele, ambazo zimekwisha kuanza kugonga.