Wa sita lazima agomewe: seva yangu ya kuchati pale Kariakoo

Kwanza nimshukuru yule bwana aliyeniambia, "IRC ni mambo ya wazee, achana nayo." Ni kweli, IRC, njia ya kuchati kwa maandishi kupitia seva (kompyuta inayopokea na kusambaza ujumbe), ilianza 1988 huko Oulu, Ufini, mikononi mwa Jarkko Oikarinen. Lakini nilichokuwa natafuta ni kitu cha kizee hasa: chepesi, na kisichoomba ruhusa ya intaneti kwa kila salamu.

Tuna karakana ya uchapaji. Kaunta ya oda iko chini, wabunifu na mashine wako ghorofa ya tatu, na oda zilikuwa zinapanda kwa WhatsApp. Jumapili ya 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zikakatika. Jumatatu tukawa tunapigiana kelele kwenye ngazi. Chini wanasema fulana nyeupe maandishi ya bluu, juu inafika fulana za bluu maandishi meupe. Hasara tuliimeza. Kilichoniuma ni kwamba mtu yuko juu ya kichwa changu, halafu ujumbe wangu ulikuwa unavuka bahari kumfuata.

Mjuzi mmoja akasema niweke Synapse (seva ya mfumo wa kuchati uitwao Matrix) na hifadhidata ya PostgreSQL, "kitu cha kisasa". Kompyuta yenyewe ilikuwa laptopu niliyoichukua kwa fundi jirani kwa kama elfu hamsini na kitu, kioo kimepasuka, RAM giga moja. Feni ililia kama mashine ya kusaga tangu asubuhi mpaka tunafunga, na hakuna aliyeweza kutuma hata "mambo". Nikafuta vyote, nikaweka Debian tupu (mfumo endeshi wa Linux), nikaandika `apt install ngircd` kuweka seva ndogo ya IRC iitwayo ngIRCd, kwisha. Feni ikanyamaza kabisa nikadhani laptopu imekata roho. Kumbe ngIRCd inakula megabaiti chache tu.

Programu kama hii, inayokaa nyuma kimya ikingoja kuitwa, watu wa Unix huiita dimoni. Kosa langu ni kumweleza hivyo Mama Zawadi wa kaunta. "Jini? Mwanangu, hapa tunafanya biashara ya halali!" Mpaka leo laptopu inaitwa Jini. Hata akifagia haigusi, na ni heri, kwa sababu mara ya kwanza mtu alifunga kifuniko chake, ikalala, na oda zote zikalala nayo. Dawa yake ni `HandleLidSwitch=ignore` ndani ya `/etc/systemd/logind.conf`.

Usanidi uko `/etc/ngircd/ngircd.conf`. Jina la seva lazima liwe na nukta. Niliandika "karakana" ikagoma, nikaandika "karakana.juu" ikakubali. `ngircd --configtest` ndiyo iliyonionyesha. Mimi nilikuwa nimeshaanza kuilaumu kebo. Kisha Dada Mwanakombo akakataliwa jina. Jina lake lina herufi kumi, na ngIRCd isipoambiwa vinginevyo inaishia tisa. "Yaani jina alilonipa bibi limezidi?" Nikaweka `MaxNickLength = 20` haraka kabla bibi hajatajwa tena.

Sasa tuje kwa Shaabani. Shaabani ni mbunifu wa juu, hodari, ila hajui saa mbili ni nini. Kila asubuhi HexChat, programu yake ya kuingilia IRC, inagomewa. Bosi akimuuliza mbona hayupo kwenye chaneli (chumba cha mazungumzo) ya #oda, jibu liko tayari: "Bosi, nilifika mapema, Jini ndiye kanikataa." Nikaomba ushauri kwa mafundi wenzangu. Mmoja akasema tatizo ni fayawoli, kichujio cha miunganisho ya mtandao, nikaizima, wapi. Mwingine akasema nipige upya Windows ya Shaabani. Nilikaribia kufanya hivyo, naona aibu kusema.

Siku moja Shaabani akapewa lifti, akawahi. Akaingia bila shida! Aliyegomewa siku hiyo ni Neema, ambaye hajawahi kugomewa. Hapo nikachukua daftari, nikakaa ngazini kama karani wa sensa, naandika nani kaingia wa ngapi. Juu wameingia watano, wa sita kagomewa. Kesho yake vilevile. Chini wote wanapita.

Nikaandika `journalctl -u ngircd` kusoma kumbukumbu za seva. Malalamiko yako pale siku zote: anwani moja ina miunganisho mingi mno. Watu sita wa juu, anwani ya IP (namba ya kifaa kwenye mtandao) moja! Ruta ya juu, ambayo niliifunga mwenyewe ili kusogeza Wi-Fi, nilikuwa nimeichomeka kwenye tundu la WAN, lile la mtandao wa nje. Ikajitengenezea mtandao wake na kuwaficha wote nyuma ya anwani moja, na ngIRCd kwa kawaida inaruhusu watano tu kwa kila anwani.

Ningeweza kuandika `MaxConnectionsIP = 0`, yaani bila kikomo, nikaenda kunywa chai. Badala yake nilihamisha kebo kwenda tundu la LAN, la mtandao wa ndani, na kuzima DHCP (kazi ya kugawa anwani) ya ruta ya juu. Printa ya juu, ambayo kwa miezi haikuonekana kutoka chini, ikajitokeza palepale. Nilijifanya ndivyo nilivyopanga.

Mengine ni madogo. Intaneti ikikatika kuingia kulichukua muda, mpaka nilipoweka `DNS = no` na `Ident = no`, ili Jini asiulizie majina ya kompyuta na watumiaji kila mtu anapoingia. IRC pia haikuwekei ujumbe ukiwa haupo, kwa hiyo kwenye Jini kuna irssi (programu nyingine ya kuingilia IRC) ndani ya tmux (inayoiacha iendelee kufanya kazi yenyewe), `/set autolog on`, inaandika kila oda mchana kutwa.

Jumatatu iliyofuata Shaabani aliingia saa tatu na robo, akafungua HexChat huku ameshaanza kulalamika. Ikamwingiza moja kwa moja. Kabla hajavuta kiti, bosi akaandika kwenye #oda: "Karibu, Shaabani."