Robo mia mbili

Aprili 2019, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alipotangaza bungeni kwamba kuanzia Juni Mosi mifuko ya plastiki ni marufuku, mimi nilikuwa nimeshachoshwa na duka kwa sababu nyingine kabisa. Fremu yangu iko Ngamiani, Tanga, kwenye zile barabara zinazoitwa kwa namba. Nilikuwa nafungua alfajiri nafunga usiku, wateja hawakatiki, na bado kila nikienda kwa wa jumla inabidi nichomekee hela ya vikoba ili mzigo utimie. Nikamwambia mwenye nyumba Idi ikipita ajiandae kuchukua ufunguo.

Wa kunipa moyo hawakukosa. Shoga zangu walisema biashara uvumilivu. Nilikuwa pia kwenye grupu la WhatsApp la wajasiriamali, ambako kila asubuhi kuna mtu anatuma picha ya simba na maneno ya kutukaza. Nilikuwa nasoma, naitikia amina, naenda kufungua duka. Yule simba hajawahi kuniuliza gunia langu la sukari natoa robo kilo ngapi.

Juni Mosi ikaangukia Jumamosi, kumi la mwisho la Ramadhani, siku ambazo sukari haikai dukani: uji, tambi, kaimati, chai ya daku. Rambo za kubebea hazikunisumbua, watu walikuja na vikapu na ndoo. Kasheshe ilikuwa vile vifuko vyeupe vyembamba vya kufungia robo na nusu. Huyu anasema havimo kwenye katazo, yule anasema vimo, na mimi sikuwa na faini ya kubahatishia. Nikashika magazeti. Sukari ikawa inavujia kwenye kona, watoto wanafika kwao na nusu ya walichotumwa, mama zao wanarudi nao wakiwa wamewashika mkono.

Alasiri hiyo akaja babu mmoja wa mtaa wa nyuma, mtu wa kuongea kidogo. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaagiza robo ya futari. Akaniangalia ninavyohangaika na gazeti.

"Mwanangu, huko kufunga umefundishwa na nani?"

"Sijafundishwa na mtu, babu."

"Inaonekana. Baada ya tarawehe nitapita. Tafuta karatasi za kaki, gazeti lina wino."

Alipita kweli. Kumbe ujana wake ameusotea Pangani kwenye duka la Mhindi, kazi yake kufunga sukari na majani ya chai tangu asubuhi. Akaketi kwenye kreti la soda, akakata karatasi mraba, akaanza. Sukari inakaa katikati. Kingo mbili zinakutanishwa juu na kukunjwa pamoja, mkunjo juu ya mkunjo, mpaka zilale juu ya sukari kama pindo la nguo. Kisha ncha moja inabanwa iwe pembetatu na kuingizwa chini, kifurushi kinasimamishwa, kinagongwa mezani mara mbili ili sukari ishuke, ndipo ncha ya pili inafungwa. Hakuna uzi wala gundi. Akakirusha kwa binti yangu, akakidaka, haikutoka hata chembe.

Lakini kilichonishika zaidi ni mizani. Kabla ya kupima alichukua karatasi tupu, saizi ileile, akailaza upande wa mawe.

"Ya nini hiyo, babu?"

"Ya mteja. Karatasi isiuzwe kwa bei ya sukari." Akamimina, akapunguza kwa ncha ya kijiko, akaongeza punje, mpaka sahani zikatulia. "Na ya kwako isiende bure."

Nikasema basi leo tufunge gunia zima. Sijui kwa nini nilisema hivyo, nadhani nilitaka tu kuendelea kumtazama akifunga. Gunia ni kilo 50, maana yake robo 200. Hesabu hiyo hata binti yangu wa darasa la sita aliipata kabla yangu. Lile gunia nilikuwa nimelianza kuuza asubuhi, kwa hiyo tukafungua jipya. Tulifunga mpaka majirani wakaanza kuamka kula daku. Binti akapanga vifurushi kumi kumi, akahesabu: 193. Akahesabu tena: 193.

Babu akauliza gunia nimelinunua kiasi gani. Elfu 122. Na robo nauza ngapi? Mia sita na hamsini. Akafumba macho kidogo, midomo inatembea. Robo 200 zingenipa elfu 130, faida elfu nane. Zile saba zilizokosekana ni shilingi 4,550. Na hapo tumepima kwa mizani, punje kwa punje, bila zile nyongeza za "dada niongezee kidogo" ambazo siku nyingine natia kwa mkono.

"Mhindi alikuwa akipima gunia likiwa bado kwenye mkokoteni," babu akasema. "Na mchukuzi amesimama hapohapo."

Usiku ule usingizi haukuja, na si kwa huzuni. Nilikuwa na hamu kupambazuke. Nilitaka kujua mchele unaniachia nini, unga, maharage, mche wa sabuni ninaoukata vipande. Nilikuwa sijawahi kulitamani duka namna ile tangu siku nilipopaka rangi milango yake. Mzigo uliofuata nilikwenda na mizani ya kuazima, muuza jumla akanuna, gunia la kwanza likapungua, akanibadilishia bila neno. Bei ya robo sikuigusa. Ila nyongeza niliziondoa kwenye sukari nikaanza kumtilia mteja kiberiti au pipi, vitu ambavyo naweza kuvihesabu.

Mkesha wa Idi vifurushi vya kaki vilikuwa vimepangwa ukutani, mteja anataja tu, anapewa, anaondoka. Duka la jirani bado wanapambana na magazeti. Mwenye nyumba alikuja siku ya tatu ya sikukuu, nikamhesabia kodi badala ya ufunguo.

Babu nikamwuliza na mafuta ya kula ya kupima yanahesabiwaje, maana ndoo nayo nilishaanza kuitilia shaka. Akacheka. "Mafuta Mhindi alikuwa anapima mwenyewe, sisi hakutuachia. Hayo utajua wewe, kisha uje unifundishe."