Siku moja maishani mwangu: kamera, sokwe na ishara ya sekunde mbili

Saa 10:40 alfajiri

Huku Kigoma jua huchelewa. Wakati mtu wa Dar ameshaanza kuona mwanga dirishani, sisi bado tunapapasa viatu kwa tochi. Kwa hiyo hata nikiamka saa hizi nina nafasi ya chai ya rangi na kipande cha muhogo wa jana. Nyumba za ufukweni hapa Gombe zimezungushiwa wavu wa chuma, na waliofungiwa ndani ni sisi. Nyani wanatembea nje wanavyotaka, na anayeacha mlango wazi akatafute unga mwingine.

Nakagua begi: kamera, betri za akiba, kadi za memori, maiki ndefu ya kuelekeza, barakoa, daftari. Nikiwa nafunga zipu nasikia kikohozi nje.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba binti. Twende, yule mama kalala juu kweli jana."

Mzee ni wa kijiji cha jirani, na amefuata sokwe tangu mimi sijazaliwa. Sitaandika jina lake, wala majina ya sokwe, maana mengi yanajulikana na watu huanza kuuliza ukoo.

Saa 12:30

Tumekaa chini ya viota. Kupanda nimekuruka makusudi, ni jasho na umande tu.

Kazi ya Gombe huenda kiota kwa kiota: unamkuta sokwe anapoamka, unaachana naye anapolala. Hiyo ni kazi ya mzee na mwenzake. Kila baada ya dakika 15 wanaandika sokwe wao yuko wapi na yuko na nani. Wanaandika kwa Kiswahili. Mei 1975 waasi kutoka ng'ambo ya ziwa waliteka watafiti vijana wanne wa kigeni hapa, na baada ya hapo wasaidizi Watanzania ndio walioshika kazi ya porini. Wanaohesabu miaka tangu mtafiti wa sokwe Jane Goodall ateremke ufukweni Julai 1960 wakumbuke na hizo kalamu.

Mimi ni mtu wa kamera. Daftari la mzee linaweza kusema "mama kamwita mtoto, wameondoka." Kazi yangu ni kuonyesha kamwitaje: kwa mkono, kwa sauti, kwa uso, au kwa vyote pamoja, na je, mtoto alikuwa anamtazama?

Mlio wa kwanza unatoka bonde la pili. Unaanza chini chini kama mtu anayehema, unapanda, unaishia kwa ukelele. Mzee hainui hata kichwa. "Kaka yake huyo." Mama aliye juu yetu hajibu, ila jani moja la kiota linatikisika. Kinasa sauti kimechukua mlio, lakini kutikisika kwa jani hakikukuona.

Saa 1:20 asubuhi

Hiki ndicho nilichokijia.

Mama ameshuka, amekaa kwenye mzizi. Mwanawe wa miaka kama mitatu bado anabembea kwenye mtambaa, kichwa chini. Mama anainua mkono wa kushoto juu kabisa, na kwa mkono wa kulia anajikuna kutoka kwenye kiwiko mpaka kwapani. Anakuna taratibu, kwa kuvuta kucha, kwa nguvu kiasi kwamba kutoka tulipo, mita zaidi ya 10, tunasikia *krrr, krrr*. Anaacha. Mkono bado uko juu. Anageuza shingo na kumtazama mtoto.

Mtoto anaendelea kubembea.

*Krrr, krrr.* Anaacha tena, anatazama. Safari hii mtoto anajiachia, anashuka kwa kuteleza na kumshika mama tumboni. Mkono unashuka. Wanaondoka.

Asiyewajua angesema alikuwa anawashwa. Lakini mwenye kuwashwa hujikuna mpaka kuwashwa kuishe, hana haja ya kusimama katikati na kuangalia kama kuna mtu kaona. Huyu alitoa ishara, akangoja, akarudia alipopuuzwa, akaacha alipopata alichotaka. Katika kazi yetu kile kinachomfanya aache ndicho tunachokitumia kukisia alikuwa anataka nini. Hatuulizi sisi tumehisi nini. Watafiti wa msitu wa Budongo, Uganda, Catherine Hobaiter na Richard Byrne, walitumia njia hiyo mwaka 2014 kueleza maana 19 za ishara za sokwe, na huku kujikuna kwa sauti kumo ndani ya orodha yao.

Halafu angalia mkuno wenyewe: unaonekana na unasikika. Mtoto akiwa amempa mama kisogo, bado sauti inamfikia. Mkono ulioinuliwa unamwambia ni nani na yuko wapi. Ukirekodi sauti peke yake unapata mkwaruzo usiojulikana ni wa nini, na ukichukua picha bila sauti unapata sokwe mwenye upele.

Saa 3 na kitu

Tumefika kwenye michikichi. Madume wawili wakubwa walishatangulia na kijana mmoja anazunguka pembeni hajui aingie vipi.

Salamu ya sokwe ina ngazi kama shikamoo yetu: mdogo ndiye anayeguna, mkubwa hamgunii mdogo, na ukisikiliza asubuhi moja tu unajua nani yuko juu ya nani. Kijana anajikunja, anakaribia kwa miguno mifupi ya pumzi, amenyosha mkono, kiganja juu. Dume mkubwa nywele zimemsimama, mabega yameongezeka ukubwa kama nusu. Hajatoa sauti yoyote. Kinasa sauti kingeniambia hapa kuna msemaji mmoja, kumbe mazungumzo ni ya wawili, na mwenye kauli nzito ndiye aliyenyamaza.

Baadaye dume yule akageuka kula, akampa kijana mgongo. Kijana hakunyosha tena mkono hewani. Alisogea akamgusa kiunoni kwa mgongo wa vidole. Sokwe wanajua macho ya mwenzao yako wapi: anayetazamwa hutumia zaidi ishara ya kuonekana tu, asiyetazamwa mara nyingi huhamia kwenye kugusa. Hilo limeandikwa na watafiti wengi, lakini kuliona likitokea ndani ya nusu dakika, kwa kijana mmoja, ni raha ambayo sijaizoea.

Na kuna mambo ambayo sina chombo cha kuyanasa. Madume wanapozungukia mpaka wa eneo lao hunusa ardhi na majani. Pale kuna habari inasomwa, na kamera yangu inaona pua tu.

Tofauti za kwao kwa kwao nazo ni kichekesho. Kusini zaidi kwenye ziwa hilihili, Mahale, sokwe wakitoana uchafu manyoyani hushikana mkono juu ya vichwa, kila mmoja akimchambua mwenzake kwapani kwa mkono uliobaki. William McGrew na Caroline Tutin waliieleza desturi hiyo mwaka 1978. Hapa Gombe hawana. Dume wa Mahale akitaka kumvuta jike huchana jani gumu kwa meno, lile jani likatoa mlio mkali. Toshisada Nishida aliliandika mwaka 1980. Wa hapa hutikisa tawi. Ziwa ni moja, samaki ni wale wale, adabu mbalimbali.

Saa 6 mchana

Mzee na mwenzake wanaendelea na mama yule mpaka alale. Mimi nateremka, maana video isiyowekwa alama ni mzigo tu wa kujaza diski.

Jikoni kuna ugali na migebuka. Dada wa jikoni ana mchezo wake: nikifika ananitaka nimwonyeshe klipu bila kumwambia kitu, akisie. Leo nimempa ile ya mkono ulionyoshwa, kiganja juu. "Anaomba," kasema huku anageuza samaki. Hajanishangaza. Mwaka 2023 Kirsty Graham na Hobaiter walitoa matokeo ya mchezo kama huo waliouweka mtandaoni: watu zaidi ya 5,500 walitazama klipu za sokwe na za bonobo, ndugu wa karibu wa sokwe, na kuchagua maana moja kati ya nne, wakapatia zaidi ya nusu. Kwa kubahatisha wangepatia robo.

Nilipompa ile ya kujikuna alisema, "Huyo ana chawa."

Saa 8 mchana hadi jioni

Sehemu hii ya kazi haina picha nzuri za kuweka kwenye simu. Kiti, feni, programu inayoitwa ELAN, iliyotengenezwa na taasisi ya Max Planck huko Nijmegen, Uholanzi. Wanaochunguza lugha za alama wanaitumia, wanaochunguza mikono ya watu wanapoongea wanaitumia, na sisi wa sokwe pia. Video inakaa juu, chini yake kuna safu: mkono, uso, sauti, macho ya anayeambiwa, kilichofuata. Kila safu unaijaza peke yake, na ukiwa kwenye safu ya uso unazima sauti ili sikio lisikudanganye.

Kamera yangu inachukua fremu 25 kwa sekunde, yaani kila fremu ni milisekunde 40. Sasa sikiliza. Mwaka 2024 ulitoka utafiti wa jamii tano za sokwe wa Afrika Mashariki, sokwe 252, ishara zaidi ya 8,500. Sokwe anapojibu ishara kwa ishara hukawia kwa wastani kama milisekunde 120. Kwenye skrini yangu hizo ni fremu tatu. Binadamu tunaoongea tunapokezana kwa kama 200, yaani fremu tano. Wale wa Sonso, Uganda, walionekana wazito kidogo kuliko wenzao. Ndiyo maana nakataa kuweka alama kwa kukadiria: mtu akikosea fremu mbili hapa, hajakosea kidogo.

Ishara moja ya sekunde mbili inaweza kula nusu saa. Watu hunionea huruma wakisikia hivyo. Mimi nawaonea huruma wanaohesabu pesa za wengine.

Nimekuwa nikijiuliza kwa nini milio ilitangulia sana katika elimu hii na mikono ikachelewa. Jibu langu ni la ufundi. Mwaka 1980 Robert Seyfarth, Dorothy Cheney na Peter Marler walitoa majaribio ya Amboseli, Kenya. Walirekodi milio ya tumbili ya kuonyana hatari, wakaficha spika, wakaicheza wakati hakuna hatari yoyote. Kwa mlio wa chui tumbili wa chini walikimbilia mitini. Kwa wa tai walitazama juu au wakaingia vichakani. Kwa wa nyoka walisimama wakakagua nyasi. Jaribio safi kabisa, na nalipenda mpaka leo. Lakini spika unaweza kuificha kichakani, mkono wa sokwe huwezi. Elimu ikaenda kule ambako vifaa viliipeleka, na kwa miaka mingi tukawa tunajua wanyama wanaita nini kuliko tunavyojua wanafanya nini wanapoita.

Saa 11 mtandao umekamata kidogo, ujumbe wa sauti wa mama ukaingia. "Sijambo mwanangu, kila kitu kipo sawa." Maneno ni mazima, ila amevuta pumzi kabla ya "sawa". Nampigia video, picha inaganda, nabaki na sauti na uso wa dakika iliyopita. Kazini ningeiandika "haifai, kanda mbili hazilingani." Nimempigia simu ya kawaida. Ni mguu tu, umevimba, kesho anaenda hospitali.

Saa 1:30 usiku

Giza limeingia, taa za wavuvi wa dagaa zimeanza kutoka. Mgeni mmoja, mwanafunzi wa chuo aliyekuja kwa masuala ya miti, haamini kwamba macho yanaweza kubadilisha kinachosikika. Nimemwekea jaribio la Harry McGurk na John MacDonald la mwaka 1976: sauti inasema "ba", midomo ya kwenye video inasema "ga". Kasikia "da". Kafumba macho, "ba". Kafumbua, "da". Karudia mara nyingi mpaka kakasirika. Ukijua siri yake bado inakukamata, na hilo ndilo linalonifanya nizime sauti ninapojaza safu ya uso.

Saa 3 usiku

Mzee amerudi zamani, ameacha daftari mezani. Kwenye mstari wa asubuhi: "Mama anajikuna, mtoto anashuka, wanaondoka." Hakuandika kwamba alimwita. Nimemuuliza itakuwaje nikiandika mimi kwamba ilikuwa wito. Kasema, "Andika. Lakini ukimwona anajikuna na mtoto hayupo, na hilo uliandike."

Ana haki. Klipu ile nimeiwekea alama ya "wito, inawezekana", na mwenzangu wa Dodoma atapelekewa bila kuoneshwa jibu langu. Sehemu ya video zote hupita kwa watu wawili hivyo, kisha tunapima tunakubaliana kiasi gani, tukitoa yale makubaliano ambayo yangetokea kwa bahati tu. Kuhusu kujikuna huwa tunagombana. Mara ya mwisho nilimwandikia aya tatu za hoja, akanijibu kwa dole gumba, na mpaka leo sijui kama alikubali au alimaanisha ameona.

Nimenakili kadi kwenye diski mbili, betri ziko kwenye chaji ya sola. Kesho siendi na mama huyu. Nimemwomba mzee tumtafute jike asiye na mtoto, tukae naye asubuhi nzima, nihesabu anajikuna mara ngapi na anamtazama nani akishamaliza.